Nusu, Robo, Thumuni: Maneno ya Mwenye Kamera

Katika studio yoyote ya picha, iwe Kariakoo au Mombasa, mteja huingia na kusema, "Nimekuja kupiga picha." Mwenye studio humkaribisha, "Karibu dada, kaa hapo, inua kidevu kidogo," na simu yake ikilia wakati huo hujibu, "Nipigie baadaye, napiga picha." Wote wawili wanapiga picha. Mmoja kakaa kwenye stuli ananyoosha shingo, mwingine kasimama nyuma ya lenzi, na kitenzi ni kilekile. Mwalimu wa sarufi angetaka mteja aseme amekuja kupigwa picha. Wapo wasemao hivyo, lakini si wengi, na mimi niko upande wa wengi. Picha ya mtu hupigwa na watu wawili. Ndiyo maana ikishakuwa tayari, hatuisifu kamera wala fundi wake. Tunamwambia mwenye sura, "Umetoka vizuri," na vijana wa Nairobi watasema ametokelezea.

Anayeanza kujifunza kamera ya DSLR kwa Kiswahili hakutani na vitenzi kama hivyo. Anakutana na ukuta wa nomino: apacha, shata, ekspoja, fokasi. Akikimbilia tafsiri za mashine ndipo anapotea kabisa. Kile kina cha sehemu inayoonekana sawasawa katika picha, kutoka mbele hadi nyuma, nimekiona kikiitwa "kina cha uwanja," na msomaji wa kawaida akilisoma hilo atawaza mpira, au kisima kilichochimbwa katikati ya uwanja wa mpira. Hoja yangu ni kwamba maneno ya kufundishia kamera tunayo, tena mazuri, ila yamekaa mahali ambapo watunga istilahi hawapiti mara kwa mara: kwenye hesabu za mirathi, jikoni, na vinywani mwa mafundi wa studio.

Kamera yenyewe ni neno la Kilatini, maana yake chumba. Johannes Kepler aliandika mwaka 1604 juu ya camera obscura, chumba cha giza ambamo mwanga ukipenya tundu dogo huchora ukutani sura ya kilichoko nje, kichwa chini miguu juu. Karibu miaka 600 kabla yake, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, alikuwa ameshaandika juu ya al-bayt al-muzlim, nyumba yenye giza. Kitabu chake kikubwa cha elimu ya kuona kinaitwa Kitab al-Manazir, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani: manazir ndiyo mandhari yetu, neno lilelile tunalolitumia tukisema fulani anapiga picha za mandhari. Hata muzlim hatukuikosa. Shina lake ndilo lililotupa dhuluma na dhalimu, kwa kuwa Kiarabu kimeliweka giza na uonevu kwenye herufi zilezile tatu.

Lenzi nayo ni chakula. Kwa Kilatini lens ni punje ya adesi, na kioo kilichovimba pande zote mbili kiliitwa hivyo kwa umbo lake. Waarabu walifuata njia hiyohiyo: adasa ni punje ya adesi na ni lenzi. Watu wa Pwani wanaopika adesi kwa tui la nazi wamekuwa na jina la lenzi sufuriani siku zote bila habari. Na fokasi? Focus kwa Kilatini ni meko. Kepler tena, mwaka uleule wa 1604, alilichukua neno hilo akaliita nalo lile doa ambapo miale hukusanyika na kuunguza. Kila aliyewahi akiwa mtoto kuchoma karatasi juani kwa kioo cha kukuzia anajua kwa nini. Adesi iko mekoni, basi, na tutarudi jikoni humo kabla hatujamaliza.

Herufi nne za DSLR zina mwiba mmoja, nao ni R. D ni dijitali, S ni moja, L ni lenzi. R ni reflex, na wengi hudhani inahusu wepesi wa kamera. Haihusu wepesi. Inahusu kioo. Nyuma ya lenzi kuna kioo kilicholazwa nyuzi 45, kinaupeleka mwanga juu kwenye prizimu, na prizimu inaugeuza mpaka ufike jichoni mwa mpiga picha ukiwa wima, kulia kukiwa kulia. Kitenzi chake tunacho: kuakisi. Kiarabu ndicho kilichotupa, na jirani zetu Waajemi hadi leo picha ya kamera wanaiita aks. Kwa hiyo DSLR ni kamera akisi ya lenzi moja, ya dijitali. Mitaani hakuna asemaye hivyo, watu husema "kamera kubwa" au huzitaja herufi nne kwa Kiingereza, na sina ugomvi nao. Lakini mwanafunzi aliyeelewa neno akisi kaelewa nusu ya mashine.

Maana kuna jambo ambalo kioo hicho kinafanya na ambalo mtu akilijua halisahau. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu, ka!, kinaacha njia wazi, mapazia ya shata yanafunguka mbele ya kihisi, mwanga unaingia, mapazia yanafunga, kioo kinarudi, cha! Katikati ya ka na cha, jicho lako halioni kitu. Kioo kilichokuwa kikikuletea mandhari kimeondoka kazini. Mpiga picha wa DSLR haoni kamwe ile nukta anayoinasa. Anaona kabla yake na baada yake. Tunasema "kufumba na kufumbua" tukitaka kusema haraka sana, na hapa msemo unakuwa taarifa ya kiufundi: jicho la mtu linafumbwa ili la kamera lifumbuliwe.

Nimeandika kihisi. Wengine huandika sensa, nami nakataa, kwa kuwa sensa tumeshahesabiwa nayo mwaka 2022. Ingawa, ukifikiri vizuri, kihisi nacho kazi yake ni kuhesabu: kila chembe yake inahesabu mwanga ulioiangukia, na idadi hiyo ndiyo inayohifadhiwa. Ndiyo maana ya dijitali, tarakimu. Kamera akisi ya kwanza ya dijitali kuuzwa madukani, Kodak DCS ya mwaka 1991, ilikuwa mwili wa Nikon F3 uliofungwa kihisi cha pikseli milioni 1.3, na mashine ya kuhifadhia hizo tarakimu ilibebwa begani kwa mkanda. Leo mtoto wa shule ana simu inayohesabu zaidi ya hapo mara nyingi.

Sasa tufike kwenye tundu la lenzi, ile apacha, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa.

Chukua lenzi ya zamani ya milimita 50, ile yenye pete ya kuzungusha iliyoandikwa namba. Itazame kwa mbele huku ukizungusha pete. Ndani kuna vipande vyembamba vya chuma, vyeusi, vimepandana. Kwenye 2 vimejificha na tundu limejaa kioo. Kwenye 4 vinachungulia. Kwenye 8 vimebana na tundu limekuwa kama punje ya hindi. Kwenye 16 limebaki la kupita kijiti. Namba inapanda, tundu linashuka. Mwalimu anasema, "Namba ndogo tundu kubwa, namba kubwa tundu dogo, kariri." Mwanafunzi anakariri, na keshokutwa amekariri kinyume.

Hakuna cha kukariri. Namba ile haikuandikwa yote. Kwa ukamilifu ni f/2, f/4, f/8, na ule mkwaju ni alama ya kugawanya. Herufi f ni urefu wa fokasi wa lenzi. Kwa hiyo f/2 ni nusu ya urefu huo, f/4 ni robo yake, f/8 ni thumuni yake. Kwenye lenzi ya milimita 50, nusu ni tundu lenye upana wa milimita 25, robo ni milimita 12.5, na thumuni ni milimita 6 na kidogo. Kiingereza kinalazimika kuieleza hesabu hii kila mara kwa sababu msemaji wake hutamka namba tupu: mbili, nne, nane. Kiswahili kina majina ya sehemu zenyewe. Nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Tulizipokea kwa Kiarabu, zikakaa madrasa na mahakama ya kadhi, na zinafanya kazi hadi leo: mjane ambaye marehemu hakuacha mtoto hurithi robo, na aliyeachiwa watoto hurithi thumuni. Hakuna mjane kutoka Lamu hadi Kilwa atakayeambiwa fungu lake ni thumuni badala ya robo, akafurahi kwa kuwa nane inaizidi nne.

Mwambie mwanafunzi, "Fungua mpaka nusu," au, "Funga mpaka thumuni," na kitendawili kimeteguka kabla hakijategwa. Najua pingamizi. Vijana wengi wa leo thumuni hawaijui, na wazee wanaoikumbuka wanaikumbuka kama sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi, kwa hiyo jina lilikuwa limeshapotoka zamani. Sawa, lakini robo na nusu kila mtoto anazijua, kilo zikipimwa dukani, na thumuni inafundishika kwa dakika moja. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Baina ya 2 na 4 kuna 2.8, baina ya 4 na 8 kuna 5.6, na hizo mirathi haizifahamu. Zimo kwa sababu mwanga hupita kwenye eneo la tundu, si upana wake tu. Ukiupunguza upana kwa nusu, eneo linabaki robo, na mwanga unabaki robo. Ili mwanga upungue kwa nusu tu, upana ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.4 na ushee. Ndipo inapotoka ile safu inayowatisha watu: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila namba ni iliyoitangulia mara 1.4, na kila hatua inakata mwanga nusu.

Nimesema hatua. Mafundi wengi husema stopu, neno la enzi za vibati: mwaka 1858 Mwingereza John Waterhouse alitengeneza vibati vya shaba vyenye matundu ya ukubwa mbalimbali, mpiga picha akachomeka anachokitaka katikati ya lenzi kuuzuia mwanga. Vibati vilikwisha, neno likabaki. Mimi napenda hatua kwa sababu inafaa popote mwanga unapopimwa. Tundu likifungwa hatua moja, pazia liachwe wazi hatua moja zaidi, na picha inabaki na mwanga uleule. Kutoka 1/250 ya sekunde kwenda 1/125 ni hatua. Kutoka ISO 100 kwenda 200 ni hatua. Neno moja linaendesha vifundo vitatu.

ISO, kifundo cha usikivu wa kamera kwa mwanga, haina mengi. Jina lake ni la shirika la kimataifa la viwango lenye makao Geneva, na shirika lenyewe husema jina limetokana na isos ya Kigiriki, yaani sawa. Tuliache lilivyo. Kinachostahili neno ni matokeo yake: ukiipandisha ISO sana gizani, picha inajaa vidoa vya rangi na mchangamchanga. Watafsiri wameviita kelele, wakiifuata lugha ya wahandisi. Kelele ya nini kwenye picha iliyonyamaza? Aliyekua na televisheni yenye antena ya juu ya bati anajua kwamba kile kilichokuwa kikijaa kwenye kioo mvua ikinyesha kiliitwa chenga, na chenga ni pia mchele uliovunjikavunjika. Picha ya ISO 12800 ina chenga. Watafsiri walipaswa kuanzia hapo.

Mafundi wanavitaja vizuri vilevile visa vya picha kutotulia. Kiingereza kina neno moja la kudharau picha yoyote isiyokaa sawa, kisha kinaeleza. Sikiliza studio. "Imecheza": aliyepigwa alisogea, mkono wa msusi umegeuka moshi. "Imetikisika": kila kitu kimevutika upande mmoja, hata ukuta, kwa hiyo mkono wa mpigaji ndio uliotetemeka. "Haijakaa fokasi": ukuta umekaa vizuri, sura imepotea. Kila kasoro ina dawa yake. Ya kwanza inataka pazia la kasi zaidi, 1/500 kwa mtoto anayekimbia. Ya pili inataka stendi ya miguu mitatu, au walau kasi isiyopungua moja chini ya urefu wa lenzi: kwa lenzi ya milimita 200, 1/200 ya sekunde. Ya tatu haitaki kasi wala stendi, inataka uelekeze doa la fokasi kwenye jicho na ulibakize hapo. Mwanafunzi mwenye vitenzi hivi vitatu anatibu ugonjwa alionao, hampi mgonjwa wa tumbo dawa ya macho.

Ugonjwa wa mwanga una majina pia. Mita ya kamera, yaani kipimio chake cha mwanga, ina imani moja tu: kwamba dunia, ikichanganywa yote, ni kijivu. Rangi ya jivu, ndivyo jina lisemavyo, na kijivu cha mita ni kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Mpige bwana harusi kanzu nyeupe ikiwa imejaa kwenye fremu saa saba mchana, uiachie kamera iamue, na kanzu itatoka kijivu, kana kwamba haikufuliwa. Mpige mama mwenye buibui jeusi kwa utaratibu huohuo, na buibui nalo litatoka kijivu, limepauka, na uso wa mama umeungua. Kamera imejitahidi katika hali zote mbili. Imeusogeza weupe na weusi kwenye jivu. Dawa yake iko kinyume na silika: cheupe kiongezee hatua moja au zaidi, cheusi kipunguzie. Hata ngozi zetu zimo katika hesabu hiyo. Uso mweusi sana unaojaza fremu mita huung'arisha kupita kiasi, na uso huohuo mbele ya dirisha lenye jua huufanya kivuli kitupu. Mpiga picha asiyejua kupunguza na kuongeza atamtoa bibi harusi akiwa mtu mwingine, na ndugu watauliza.

Nimesema uso umeungua, na hapa tumerudi jikoni. Enzi za filamu, mtu akifungua mgongo wa kamera kabla mkanda haujarudishwa, picha zilikuwa zikiungua zote. Neno limehamia kwenye dijitali bila viza, na limefika likiwa sahihi kuliko lilivyotoka: chembe ya kihisi ikishajaa mwanga hadi ukomo haina tena cha kusimulia, inaandika weupe mtupu, na hakuna programu itakayorudisha kilichokuwapo. Kivulini mara nyingi kuna kitu cha kuokoa. Kilichoungua ni majivu. Faili ambalo kamera haijalichakata, wazungumzaji wa Kiingereza huliita bichi kwa lugha yao, nasi tuliite hivyo hivyo bila haya: faili bichi. Mbichi kwetu ni nyama, ni embe, ni kuni, na katika zote maana ni kwamba kazi bado. Bichi, iva, ungua. Mwanafunzi aliyewahi kupika wali ana ngazi nzima ya mwanga kichwani.

Na picha ikishaiva, inasafishwa. Kuna msomi atakayesema kusafisha picha ni kuchapisha picha, tena ni kosa kuliita kusafisha. Neno lilizaliwa chumba cha giza, filamu ikitoka kwenye dawa na kuoshwa kwa maji, na Kenya wapo waliosema kuosha. Maji yamekauka. Bado mtu anakwenda kibandani na picha iliyotumwa kwa WhatsApp na kusema, "Nisafishie hii, saizi ya pasipoti, nne." Huyo hajakosea. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imepita kutoka vioo na filamu hadi enzi ya tarakimu, na kuta zake zimejaa picha zilizooshwa kwa maji ya Unguja. Neno lenye umri huo lisifutwe kwa sababu printa haitumii maji.

Boke ndilo neno ambalo nimesalimu amri. Ule ukungu laini wa nyuma ya sura, tundu likiwa nusu na taa za mbali zimegeuka sahani, uliitwa boke na Wajapani, na jarida moja la Marekani mwaka 1997 likaueneza duniani kwa jina hilo. Lina silabi mbili na mwisho wa irabu. Lilikuja limeshavaa kanzu. Vivyo hivyo kamera, lenzi, fokasi, flashi, programu. Majina ya vifaa na tukope, hakuna aibu. Lakini matendo na kasoro, yale ambayo mtu huyatamka mkono ukiwa kazini, tuyatoe kwa walioyatumia: hatua, chenga, imecheza, imetikisika, imeungua, nusu, robo, thumuni.

Kamera akisi zenyewe zinaondoka. Canon na Nikon zilitoa za mwisho za daraja lao la juu mwaka 2020, na nguvu yote sasa iko kwenye kamera zisizo na kioo. Maelfu ya zile za zamani yatafika kwetu kwa bei nafuu, mikononi mwa vijana wanaotaka kufanya kazi ya harusi na mahafali, na wengi wao watajifunza kwa Kiswahili. BAKITA na BAKIZA, mabaraza yetu ya Kiswahili, na kila anayeandaa kitini cha kozi ya picha, nawaomba kabla ya kuketi kutunga istilahi mkae siku nzima studio, kando ya mlango, mkiwa na daftari na kalamu. Msiulize kitu. Sikilizeni fundi anavyomwelekeza mwanafunzi wake picha inapoharibika, na andikeni alivyosema.